Anayepuliza sumu nyumbani kwako atambulike

KATIKA miji yetu nguzo za umeme zimejaa matangazo ya watu wanaoahidi kumaliza kunguni, mende, mchwa na panya. Mengi ya matangazo hayo yana namba ya simu tu. Hayana jina la kampuni, wala mahali ilipo ofisi, wala namba ya leseni. Mwananchi aliyekosa usingizi kwa ajili ya kunguni hupiga simu hiyo, na muda si mrefu mtu asiyemfahamu anaingia chumbani kwake na bomba la kupulizia mgongoni.

Hatusemi kwamba watu wote hao ni matapeli. Wapo mafundi waaminifu wanaoijua kazi yao. Tunachosema ni kwamba kilichomo ndani ya bomba lile ni sumu, na chumba kinachopulizwa ndicho watakacholala watoto. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, mwananchi hana budi kuuliza mambo mengine matatu.

La kwanza ni kibali. Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 iliunda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, yenye makao yake makuu Arusha. Mamlaka hii ndiyo inayosajili viuatilifu na kutoa vibali kwa wanaofanya biashara ya kupuliza na kufukiza. Fundi wa kweli hakasiriki akiombwa kuonyesha kibali chake. Anayekasirika amekwisha kujibu swali.

La pili ni dawa yenyewe. Itake chupa au pakiti yenye kibandiko chake, usome jina la dawa na mahali inaporuhusiwa kutumika. Dawa iliyomiminwa katika chupa ya maji ya kunywa usiikubali kamwe. Dawa ya shambani si dawa ya chumbani. Shambani jua na mvua huiondoa sumu upesi, lakini ndani ya nyumba hubaki ukutani na sakafuni kwa muda mrefu. Katika jimbo la Mississippi, Marekani, mwaka 1996 iligunduliwa kwamba watu wasio na leseni walikuwa wamepuliza katika nyumba za watu dawa ya mashamba ya pamba iitwayo methyl parathion. Dawa ilikuwa rahisi na iliua mende kweli kweli, na ndiyo sababu watu waliipenda. Mwishowe mamia ya familia zilihamishwa, na Serikali ikaingia gharama kubwa kuzisafisha nyumba hizo.

La tatu ni namna dawa itakavyotumika, kwa sababu kibali peke yake hakitoshi. Mwaka 2010, katika jimbo la Utah huko huko Marekani, fundi wa kampuni iliyokuwa na leseni aliweka vidonge vya alumini fosfaidi katika mashimo ya wanyama wa jamii ya panya, karibu mno na nyumba ya watu. Watoto wawili wa nyumba hiyo walifariki dunia. Mwaka huo huo Serikali ya Marekani ilipiga marufuku kutumia vidonge hivyo katika maeneo ya makazi.

Vidonge vya aina hii vinajulikana hapa kwetu kwa kuhifadhia nafaka. Vikipata unyevunyevu, hata ule wa hewani, hutoa gesi ambayo hupenya katika nyufa na chini ya milango, na hakuna dawa maalumu ya kuiondoa sumu yake mwilini. Fundi anayetaka kuviweka chumbani, darini au kando ya ukuta wa nyumba yenye watu, mwambie aondoke.

Ujuzi wa fundi nao hupimika. Anayejua kazi hukagua kwanza, ndipo hutaja bei. Atainua godoro na kutazama maungio ya kitanda, kwa maana dawa nyingi haziui mayai ya kunguni, na ni lazima arudi baada ya kama wiki mbili kuwaua walioanguliwa. Kwa mchwa atauliza habari za msingi na udongo, kwa sababu malkia yuko ardhini na kupuliza fremu ya mlango hakumfikii. Kwa panya atatafuta matundu ya kuziba kabla ya kutega. Anayeahidi kwamba mpulizo mmoja utamaliza kila kitu milele, huyo anauza maneno.

Mkikubaliana, muandikiane. Karatasi itaje jina la dawa, saa ambazo watu watakaa nje, siku ya kurudi, na nani atakayewajibika wadudu wakibaki. Risiti idaiwe. Vyakula, vyombo na maji vitolewe au vifunikwe, na mama mjamzito, watoto na wagonjwa wasirudi mpaka muda ulioandikwa kwenye kibandiko umekwisha na madirisha yamefunguliwa.

Tunawakumbusha pia wenye nyumba za kupangisha. Kunguni hawajui mpaka wa chumba na chumba. Mpangaji mmoja akipuliza peke yake, wadudu huhamia kwa jirani kisha wakarejea, na fedha yake imepotea. Ni busara mwenye nyumba na wapangaji wachange, wamwite fundi mmoja mwenye kibali, na vyumba vyote vipulizwe siku moja. Gharama ya kila mmoja itapungua, na kisingizio cha kumwita mtu wa nguzoni kitakwisha.

Kwa upande wa wahusika, tunaomba orodha ya kampuni zenye vibali ibandikwe katika kila ofisi ya kata na ya serikali ya mtaa, mahali ambapo hata asiye na simu ya kisasa ataisoma. Maofisa afya nao wayafuatilie matangazo yasiyo na jina. Mwananchi hawezi kulaumiwa kwa kuchagua vibaya ikiwa hakuonyeshwa pa kuchagua.

Kunguni humnyima mtu usingizi. Sumu iliyotumiwa ovyo humnyima uhai. Tusikubali kubadilishana shida ya kwanza kwa ya pili kwa sababu ya bei nafuu.