NAKIVUBO: KIWANJA CHA WATU KIMEINGIA DUKANI



Wako wanaosema kwamba mambo ya mpira si mambo ya chama cha wafanyakazi. Na waende Kampala wakaulize habari za Nakivubo.

Kiwanja hicho kilianza mwaka 1926. Baada ya vita vya Hitler kikafanywa ukumbusho wa askari waliokufa, na mwaka 1953 ikatungwa sheria ya kukitia mikononi mwa wadhamini. Mpaka Namboole ilipofunguliwa mwaka 1997, hapo ndipo palipokuwa nyumbani kwa mpira wa taifa la Uganda. Tena si kwa Waganda peke yao. Wazee wengi wa kwetu waliokwenda Kampala kutafuta kazi, kabla serikali ya Obote haijawafukuza wafanyakazi Wakenya mwaka 1970, waliijua sana njia ya Nakivubo. Soko lililo ubavuni mwake watu wanaliita Owino hata leo, ijapokuwa serikali imelipa jina la mtakatifu. Jina hilo Mjaluo hahitaji kuelezwa.

Halafu tajiri mmoja, Bwana Hamis Kiggundu, akapewa ruhusa ya kukijenga upya. Mwaka 2017 kikabomolewa. Miaka 7 vilabu vikawa wapangaji kwa wenzao. Aprili 2024 kikafunguliwa tena, kimezungukwa na maduka, na sasa kinaitwa Hamz.

Watatuambia: mbona viti ni vipya, na fedha ametoa mwenyewe? Kweli, majukwaa ya zamani yalikuwa mabovu. Lakini ni nani aliyeyaacha yaoze? Mali ya watu hunyimwa senti za matengenezo mwaka baada ya mwaka, hata siku anapotokea mwenye fedha watu wampigie makofi. Na yule askari aliyekufa Burma, jina la ukumbusho wake limekaa nyuma ya jina la mwenye maduka. Maiti hana kodi ya kulipa!

Bwana mkubwa ana klabu yake, yenye majani yaliyokatwa na mlinzi langoni. Mpasua mawe wa Kisian akimaliza juma lake ana wapi, ila kiwanja kisicho na mwenyewe? Serikali ilijenga uwanja mkubwa Mamboleo, ukatumika kwa Madaraka tarehe 1 Juni 2021. Vyema. Lakini Mamboleo iko upande wa pili wa mji, na nauli inataka mfukoni. Vijana wetu huchezea viwanja vidogo vya hapa hapa, na hivyo ndivyo vinavyomezwa bila gazeti kuandika hata mstari mmoja.

Basi tawi litaletewa azimio: Kaunti ya Kisumu itwambie hati ya kila kiwanja cha umma iko wapi, na imeandikwa jina la nani. Kila mwanachama amletee katibu jina la kiwanja cha kwao, na habari ya ukuta au nguzo yo yote mpya iliyosimamishwa humo, kabla ya siku ya mkutano.