Nauli je?

Jamani, leo ngazi za hosteli sizipandi! Jana tumepiga baiskeli Elerai mpaka Moshi, kilomita 80 na ushee, kuchangia watoto wenye kansa. Boma Ng'ombe upepo ulinipiga hadi nikaitamani Hiace.

Ila nina neno. Kamati inataka hela yote iende kwenye dawa. Sawa, na nauli je? Shirika la Afya Duniani linasema nchi tajiri wanapona watoto zaidi ya 80 kwa 100, nchi nyingi maskini hawafiki 30. Sababu mojawapo ni matibabu kuishia njiani. Mama aliyeuza mbuzi safari ya kwanza, ya nne atauza nini? Mi nimependekeza nusu iwe nauli na chakula. Mwenyekiti kaninunia.