Wingi wa Seva si Kinga ya Ghala

Imezuka imani ya hatari katika baadhi ya ofisi zinazotunza kumbukumbu za wananchi kwa kompyuta. Hudhaniwa kwamba ofisi ikishanunua seva mbili au tatu badala ya moja, basi hati za viwanja, michango ya pensheni na madai ya wakulima yamesalimika. Imani hiyo ni kweli nusu tu.

Mpango wenyewe ni huu: seva kadhaa huunganishwa na ghala moja la diski, na zote husoma na kuandika katika hifadhidata ileile. Seva moja ikifa, nyingine huendelea na kazi, na mwananchi aliye dirishani huenda asitambue lolote. Si jambo jipya. Kampuni ya Digital ya Marekani ilitangaza mitambo ya kushirikiana diski mwaka 1983, na mwaka 2001 Oracle ikaleta mpango wake uitwao Real Application Clusters.

Lakini ghala lenye makarani watatu lahitaji nidhamu kuliko lenye karani mmoja. Na ichukuliwe akaunti yenye shilingi 50,000. Seva ya kwanza yaisoma na kuongeza 20,000. Wakati huohuo ya pili yasoma 50,000 zilezile na kutoa 10,000. Itakayoandika mwisho ndiyo itakayoshinda: akaunti itabaki na 40,000 au 70,000, ilhali haki ya mwenyewe ni 60,000. Kwa hiyo hakuna seva inayoruhusiwa kubadili ukurasa wa ghala bila kushika kufuli, na seva zote hazina budi kuulizana, kupitia mtandao wao wa ndani, nani ameshika kufuli lipi. Mtu anayeunganisha seva mbili na diski moja kwa hifadhidata isiyotengenezwa kwa kazi hiyo hajaongeza usalama hata chembe, amepanda uharibifu.

Mtandao huo wa ndani nao hukatika. Hapo kila seva hudhani nyingine imekufa, na kila moja hutaka kujitwalia ghala. Dawa yake ni kura: upande wenye wingi huendelea, na ulioshindwa hufukuzwa hata kama ni mzima. Ndiyo maana wajuzi huweka diski za kura kwa idadi isiyogawanyika kwa mbili.

Hayo yote, hata yakitekelezwa barabara, humlinda karani, si ghala. Tarehe 26 Septemba 2025 moto wa betri ulizuka katika kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon, na mamia ya huduma za serikali yakasimama. Ghala la pamoja lililoitwa G-Drive, ambamo watumishi wa serikali waliweka majalada yao ya kazi, liliteketea na terabaiti 858. Halikuwa na nakala mahali pengine. Ilielezwa kwamba lilikuwa kubwa mno kunakiliwa. Lilikuwa ghala la mafaili, si hifadhidata, lakini moto haubagui.

Leseni ya mpango wa pamoja wa Oracle huongezwa juu ya leseni ya hifadhidata yenyewe, na zote huweza kuhesabiwa kwa prosesa. Ni jambo la kusikitisha ofisi kumaliza fungu lake hapo, ikakosa fedha za ghala la pili katika mji mwingine. Na hata hilo la pili halitoshi likiwa hunakili kila kitu papo hapo, kwani litanakili pia kosa la karani aliyefuta asichopaswa kufuta.

Kabla ya kutia sahihi, kamati za zabuni zimwulize muuzaji: ghala la pili litakuwa wapi, nakala za siku zilizopita zitatunzwa kwa muda gani, na ni lini zitarejeshwa na kusomwa mbele ya wakaguzi. Asiye na jibu la swali hilo la tatu arudishiwe makaratasi yake.