Sukari ya Ofisi Ina Wenyewe

Anayetia vijiko vitano vya sukari kikombeni, au kuondoka na majani ya chai mkobani, hujiambia kwamba anamla mwajiri. Mwajiri hapungukiwi kitu, maana fungu la mwezi limeshatengwa. Birika likikauka saa nne na nusu, anayekosa ni mlinzi aliyekuwa getini, dereva aliyetumwa mjini, na mhudumu aliyekuwa bado anapiga deki. Anayeliwa ni mwenzako, tena mara nyingi mwenye mshahara mdogo kuliko wako.

Wakubwa hukimbilia kufuli na daftari la kusaini. Sidhani kama dawa iko huko. Mwaka 2005 jarida la tiba la BMJ lilichapisha utafiti wa Taasisi ya Burnet ya Melbourne, Australia, wenye mzaha ndani yake lakini hesabu zake kamili. Watafiti walitia alama vijiko 70 vya chai, wakavifuatilia kwa miezi mitano, vikapotea 56. Vya bei ghali na vya bei rahisi vilipotea kwa kasi ileile, kwa hiyo tamaa ya mali haitoshi kueleza. Katika vyumba vya chai vya watu wote, nusu ya vijiko ilitoweka kwa siku 42. Katika vyumba vya vikundi maalumu vya kazi, siku 77. Taasisi ilikuwa moja. Nadhani kwenye chumba kidogo unamjua kwa jina atakayekoroga chai kwa kalamu.

Basi ofisi igawe: kila idara ipewe sukari na majani yake ya wiki, ijipangie. Wapo watakaosema kupimiana sukari ni uchoyo, kwetu mtu hanyimwi chai. Kweli mgeni hanyimwi, lakini mgeni haingii jikoni akafunga maandazi kwenye gazeti. Hoja nzito zaidi ni ya wanaosema mshahara hautoshi, chai ni fidia. Huenda ni haki yao kudai, ila fidia hiyo humfikia aliye jirani na jiko na kumruka aliye getini; madai ya mshahara yapelekwe kwenye chama cha wafanyakazi. Mgawo wenyewe una tundu moja: walinzi na wasafishaji wengi siku hizi huletwa na kampuni za nje, hawamo katika idara yoyote. Hao waandikwe kwanza, kabla sukari haijapimwa.