Hisabati ya Kuonyesha si Hisabati Kilema

Mtaje mwanahisabati anayekataa kusema kitu kipo mpaka apewe njia ya kukipata, na wasomi wengi wa somo hili watakuambia hiyo ni hisabati iliyokatwa mikono. Nimechoka kuisikia kauli hiyo ikirudiwa kana kwamba imethibitishwa. Ni ya kurithi tu.

Chanzo chake ni ugomvi. Mwaka 1908 Mholanzi L.E.J. Brouwer aliandika kwamba kanuni ya "ni kweli au si kweli, hakuna la tatu" haitegemeki kila mahali, hasa tunaposhughulikia mambo yasiyo na mwisho. Baadaye Mjerumani David Hilbert alijibu kwa ukali kwamba kumnyima mwanahisabati kanuni hiyo ni kama kumkataza bondia kutumia ngumi. Mwaka 1928 akamwondoa Brouwer kwenye bodi ya wahariri wa jarida la Mathematische Annalen. Brouwer alishindwa ofisini, watu wakadhani ameshindwa kwa hoja.

Tutazame uthibitisho mmoja maarufu unaotegemea kanuni hiyo. Je, kuna nambari mbili zisizoandikika kama sehemu, ambazo moja ikipandishwa kwa kipeo cha nyingine hutoa nambari inayoandikika? Chukua kipeuo cha pili cha 2, ukipandishe kwa kipeo kilicho sawa nacho. Jibu likiandikika, umezipata. Lisipoandikika, lipandishe tena kwa kipeuo cha pili cha 2, upate 2 kamili. Kwa vyovyote zipo. Zipi? Uthibitisho umenyamaza. Mwenye lori hapa mpakani Malaba akiambiwa gari lake limo kwenye foleni kwa kuwa haliwezi kuwa kwingine, bado atauliza liko wapi.

Sasa kipandishe kipeuo hicho hicho kwa logi ya 9 katika kizio cha 2. Jibu ni 3. Na logi hiyo haiwezi kuwa sehemu, kwa sababu 2 ikipandishwa kwa kipeo chochote kizima kinachozidi sifuri hutoa shufwa, na 9 hutoa witiri, hazikutani kamwe. Mwanafunzi wa kidato cha nne analielewa hilo, na ameondoka na nambari zenyewe mkononi.

Sisemi uthibitisho wa kwanza ni uongo. Nasema wa pili unatoa zaidi, na anayetoa zaidi haitwi kilema. Mwaka 1967 Mmarekani Errett Bishop alichapisha kitabu kilichojenga upya sehemu kubwa ya kalkulasi ya juu kwa njia hii. Hofu ya Hilbert, kwamba bila kanuni ile mwanahisabati hana ngumi, ilipaswa kufa siku hiyo.

Na sisi walimu tunajipinga wenyewe. Swali la mtihani wa KCSE linaposema "kwa rula na bikari pekee", mtahiniwa anayejua pembetatu ipo lakini hawezi kuichora hapati alama za mchoro. Tunamdai mtoto ujenzi, kisha tunaudharau akifika chuo kikuu.

Walimu wenzangu wa Amukura, Busia na Malaba, mkifika kwenye logi muhula huu, andikeni thibitisho zote mbili ubaoni, muwaulize wanafunzi ni upi umewajibu.