Batri na mapafu yetu

Ndugu wafanyakazi na familia zenu, telefone yenye tunashika ku mkono inaishi juu ya batri ya litiamu. Mu 1980 John Goodenough na wenzake walionyesha namna kobalti inasaidia batri hiyo kushika kuran. Mu 1991 Sony ikaanza kuiuzisha, na mu 2019 watu watatu, Goodenough mmoja wao, wakapewa Nobel. Walistahili. Lakini zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka huku kwetu Congo, na vumbi yake inaharibu mapafu. Mwenye kuvumbua batri alishukuriwa. Mwenye kuchimba kobalti anaomba maski tu, tena anaambiwa angoje. Hatungoji tena. Juma hii kila ekipi imuulize delege wake: maski zetu ziko wapi? Asipojibu, tutauliza sisi wote pamoja.