Siku 84 za kwetu na miezi minne ya huku Jozi

Nawaandikia wote mlioko Tanga, Dar na mliotawanyika kwingine. Wengi mmenitumia ile habari ya mahakama ya huku kuhusu likizo ya uzazi, mkasema wenzetu wameendelea. Haya, ngoja niwaeleze, maana kuna mambo ambayo hamkuambiwa.

Mahakama ya Katiba iko hapa hapa Johannesburg, Braamfontein, mahali palipokuwa gereza zamani. Tarehe 3 Oktoba 2025 iliamua kwamba kumpa mama miezi minne na baba siku 10 tu ni ubaguzi. Kesi ilianzishwa na baba mmoja ambaye mkewe ana biashara yake. Walitaka baba ndiye abaki na mtoto. Sasa wazazi wote wawili wakiwa wameajiriwa, wanagawana miezi minne na siku 10 kwa makubaliano yao. Bunge limepewa miezi 36 kurekebisha sheria.

Uamuzi nimeupenda. Kwetu baba ana siku tatu, na zote zinaishia kupokea wageni! Lakini jamani, chungu ni kile kile, walaji ndio wameongezeka. Baba akichukua mwezi, mama anarudi kazini mwezi mmoja mapema, na Shirika la Afya Duniani linataka mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake miezi sita.

Halafu kuna pesa. Hiyo miezi minne mwajiri halazimiki kulipa hata senti. Mama anadai kwenye UIF, mfuko wa bima ya wasio na kazi, ambao mwajiri na mfanyakazi wanachangia asilimia 1 kila mmoja. Mfuko unalipa asilimia 66 ya mshahara, na mshahara unaohesabiwa hauzidi randi 17,712 kwa mwezi. Kwa hiyo hata ukiwa bosi benki, hupati zaidi ya randi 11,700 hivi. Kwetu sheria ya 2004 inatoa siku 84 kwa malipo, 100 ukijifungua pacha. Ni fupi, ila mshahara unaendelea. Hapo sioni aibu kwetu.

Ila mfuko una faida moja. Mzigo wote ukiwa wa mwajiri, anaanza kuogopa kuajiri wasichana walioolewa juzi. Hilo nyie mnalijua. Mimi ningechanganya: mfuko ulipe, na wenye mshahara mdogo walipwe wote kamili.

Na sasa wale ninaowaonea uchungu zaidi, kina mama wa kazi za ndani. Wamo kwenye UIF tangu 2003, lakini ni wale tu ambao mabosi wao wamewaandikisha, na wasioandikishwa ni wengi. Asubuhi ukipanda taksi (ndiyo daladala za huku) kutoka Diepsloot kwenda Sandton, wamejaa humo. Wanakwenda kuogesha na kulisha watoto wa wengine, wa kwao wako Limpopo au Zimbabwe kwa gogo, yaani bibi. Asiye na malipo hamalizi miezi minne. Mtoto anapelekwa kijijini mapema, anaanza kopo, na mama yake anamwona Krismasi. Mwongozo wa kazi unasema anyonyeshe mara mbili kazini, nusu saa kila mara. Amnyonyeshe nani?

Kabla hamjawacheka wazungu wa Sandton: sheria yetu haikumtenga dada wa kazi. Akishamaliza miezi sita kazini, siku 84 ni zake kwa mshahara, na akirudi ana hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Haya niambieni, katika ukoo wetu ni nani amewahi kumlipa? Ninavyokumbuka mimi, tumbo likionekana anakatiwa tiketi ya basi arudi kwao. Shangazi, najua utanipigia. Piga jioni, mchana niko kazini.